"Kumbe" katika Insha ya Tafakuri: Mwanafunzi wa Mwaka wa Kwanza Mjini Tabora

Karatasi ya zoezi ilikuwa na mistari michache tu. Iliwataka wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja cha mjini Tabora, waliokuwa wakisoma somo la utungaji, waandike insha ya tafakuri yenye maneno 500 juu ya tukio lililobadili namna wanavyojifunza. Watumie nafsi ya kwanza. Wafuate hatua sita zilizoorodheshwa nyuma ya karatasi. Na wamalizie kwa kueleza walichojifunza. Hatua zenyewe zilikuwa maelezo ya tukio, hisia, tathmini, uchambuzi, hitimisho, na mpango wa utekelezaji. Hakuna mwanafunzi aliyeuliza zimetoka wapi, na pengine mhadhiri naye hakuona haja ya kusema. Asili yake ni kitabu cha Graham Gibbs kilichotoka Uingereza mwaka 1988. Nyuma ya Gibbs amesimama Donald Schön, aliyeandika mwaka 1983 juu ya mtaalamu anayefikiri huku mikono yake ikiwa kazini. Na nyuma yao wote yupo John Dewey na kitabu chake cha mwaka 1910 kuhusu namna binadamu anavyofikiri.

Kwamba zoezi hili ni la kigeni si hoja ya kulikataa. Miembe ya Tabora nayo ililetwa na wageni, na leo hakuna Mnyamwezi anayeiita miti ya watu. Swali linaloikabili taaluma ya utungaji ni jingine: mwanafunzi anapotakiwa kujitazama kwa Kiswahili, lugha yenyewe inampa vyombo gani, na je, karatasi ya zoezi inamruhusu kuvitumia?

Miongoni mwa insha zilizorejeshwa juma lile palikuwa na ya msichana mmoja aliyetoka kijiji cha wakulima wa tumbaku wilayani Urambo. Ilikuwa insha safi. Ilikuwa na aya sita, kila hatua na aya yake, na katika maneno yake 500 kitenzi "nimejifunza" kilijitokeza mara saba. Tukio lililosimuliwa lilikuwa la kufeli jaribio la hisabati na kisha kufaulu baada ya kujitahidi. Hisia zilitajwa kwa majina yake: huzuni, aibu, matumaini. Insha ilifungwa kwa kusema kwamba elimu ni ufunguo wa maisha. Insha nyingine nyingi katika rundo lile zilifungwa kwa maneno hayo hayo au kwa methali ya mvumilivu kula mbivu, na mhadhiri alipofika katikati ya rundo alikuwa hawezi tena kumtofautisha mwandishi mmoja na mwingine.

Ni rahisi kuwalaumu wanafunzi kwamba hawana mawazo. Lawama hiyo si ya haki. Mtoto wa Kitanzania hufundishwa insha tangu shule ya msingi kama chombo cha mtihani: utangulizi, kiini, hitimisho, idadi ya maneno isizidi, mwandiko usomeke, methali ikitiwa mahali pake huongeza alama. Katika utaratibu huo msahihishaji ni mtu asiyejulikana, aliye mbali, anayesoma mamia ya karatasi kwa haraka. Mwandishi mwenye busara hamwambii mtu wa namna hiyo habari za nyumbani kwao. Humwambia jambo ambalo kila mtu amekwisha kulikubali. Mwanafunzi anayeingia chuoni akiwa na miaka zaidi ya kumi ya mafunzo hayo, kisha akaambiwa "jieleze", atafanya alichozoezwa kufanya. Tena sasa zipo programu za kompyuta na za simu ambazo, zikipewa hatua sita, hutoa insha ya namna hii kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Jambo hilo limewaudhi walimu wengi, lakini limefichua ukweli wenye manufaa: kinachoweza kuandikwa bila mtu, hapo awali nacho kilikuwa kikiandikwa bila mtu.

Hata hivyo Tabora si mahali ambapo ingetazamiwa kwamba kuandika habari za nafsi kungekuwa jambo geni. Ni vigumu kupata mji wa bara ulioandikiwa shajara nyingi za safari kuliko huu. Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, kama ulivyoitwa wakati ule, mwezi Novemba 1857, na wote wawili waliandika. David Livingstone alikaa Kwihara, mwendo mfupi kutoka mjini, kwa miezi kadhaa ya mwaka 1872 akisubiri wapagazi, na daftari lake halikufungwa. Unyanyembe ilikuwa kituo cha kutua mizigo, kuandika watu wapya na kungoja. Na mtu anayengoja, akiwa na karatasi, huandika.

Wazungu wamesomwa vya kutosha. Anayestahili kukumbukwa zaidi katika mjadala huu ni Jacob Wainwright, Myao aliyekombolewa utumwani akasomeshwa katika shule ya misheni karibu na Nasik nchini Bara Hindi. Alikuwa katika msafara ulioubeba mwili wa Livingstone kutoka kijiji cha Chitambo hadi pwani, safari iliyopitia Unyanyembe mwezi Oktoba 1873, naye alikuwa akiandika shajara kwa mkono wake, kwa Kiingereza. Tafsiri ya Kijerumani ya shajara hiyo ilichapwa mwaka 1874; maandishi yake mwenyewe ya Kiingereza yalisubiri hadi mwaka 2019 ndipo yakawekwa mbele ya wasomaji. Wainwright alirudi Afrika, akafanya kazi na wamisionari, na akafia Urambo mwaka 1892. Yule msichana wa tumbaku alikuwa amesoma shule ya msingi na ya sekondari katika wilaya hiyo hiyo bila kulisikia jina lake.

Kwa upande wa Kiswahili chenyewe yapo maandishi mawili yasiyoweza kurukwa. La kwanza ni wasifu wa Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na maskani karibu na Tabora na aliyepita mji huo mara nyingi. Aliuandika uzeeni kwake Unguja kwa hati za Kiarabu, kwa kuombwa na Mjerumani Heinrich Brode, aliyeuchapisha kwa herufi za Kirumi mwaka 1902 na 1903. La pili ni mkusanyo wa Carl Velten, Safari za Wasuaheli, uliotoka mwaka 1901, ambamo mna masimulizi ya watu kama Sleman bin Mwenyi Chande aliyekwenda bara, na Selim bin Abakari aliyefika hadi Urusi na Siberia. Haya yote yaliandikwa au kusimuliwa kwa sababu mgeni mwenye cheo aliyataka. Kwa maneno mengine, yalikuwa mazoezi. Mwalimu wa leo anayedhani kwamba yeye ndiye wa kwanza kumwagiza Mswahili aandike habari zake afahamu kwamba amechelewa kwa karne nzima na zaidi.

Je, walioagizwa waliandika nini? Waliandika njia. Tippu Tip anaanza na umri wake wa miaka kumi na miwili na biashara ya sandarusi, kisha inafuata safari juu ya safari: bei ya pembe, idadi ya bunduki, nani alikuwa sultani wa wapi, nani alikufa. Msomaji anayetafuta kilio hakioni. Hata pale anaposimulia kwamba baba yake alitaka kuikabidhi mali kwa mtu mwingine aiongoze, jambo lililomchoma kijana yule kiasi cha kukataa kuendelea, hasira haitajwi kwa jina lake. Yanatolewa maneno yaliyosemwa na yeye, kisha yaliyosemwa na baba, na safari inaendelea. Wapo wahakiki wanaoliona jambo hili kuwa upungufu, kana kwamba Mswahili wa karne ya kumi na tisa hakuwa na undani. Hoja hiyo inapotosha. Undani upo, ila haukuwekwa katika nomino.

Hapa ndipo sarufi inapohusika. Katika usimulizi wa Kiswahili kiambishi -ka- huunganisha kitendo na kilichotangulia bila kutoa hukumu: nikafika, nikaona, nikanyamaza. Mlolongo huo ukikatizwa, kukatizwa kwenyewe ndiko kutafakari. Hukatizwa kwa "kumbe", neno ambalo katika madarasa huitwa kihisishi na kupitwa upesi, ilhali kazi yake ni kubwa: hutangaza kwamba alichodhani msemaji na kilichokuwa kweli ni mambo mawili tofauti, na kwamba msemaji amelijua hilo kwa kuchelewa. Hukatizwa kwa "laiti". Hukatizwa kwa -ngali-, umbo linaloujenga ulimwengu ambao haukutokea. Hukatizwa pia kwa "ndipo", linalorudi nyuma na kukionyesha kidole kitendo kimoja kati ya vingi. Mtu anaweza kuandika kurasa tatu za tafakuri nzito kwa vyombo hivi bila kutumia hata mara moja neno "hisia". Kinyume chake, "nimejifunza kwamba" ni tamko lililokwisha kukamilika. Njia iliyomfikisha msemaji hapo imefutwa, na pengine hakuwahi kuipita.

Mhadhiri alirudisha insha zote bila alama. Aliwaambia wanafunzi wazigeuze karatasi za zoezi chini, wazisahau hatua sita, na waandike tukio moja tu ambalo ndani yake neno "kumbe" lina haki ya kuwemo. Lisipokuwa na haki, wasilitie. Ilikuwa hatua ya kubahatisha, na matokeo yake mengi hayakuwa mazuri: wanafunzi kadhaa waliandika vichekesho, mmoja alinakili ngano ya sungura, na kumi hivi walirudisha insha ile ile ya awali wakiwa wamepachika "kumbe" mbele ya sentensi ya mwisho.

Insha ya msichana wa Urambo ilikuja ikiwa kurasa nne. Ilihusu siku ya soko la tumbaku, alipokuwa darasa la sita. Marobota yalikwisha kupimwa na kutiwa madaraja, na baba yake alipewa karatasi ya hesabu mbele ya wakulima wengine. Baba hakujua kusoma vizuri. Akamwambia mwanawe asome. Akasoma: kilo, daraja, bei, jumla, kisha makato ya pembejeo, ambayo yalizidi mauzo. Baba akamwambia asome tena. Akasoma tena, tarakimu zile zile. Baba akamwambia asome kwa sauti zaidi. Akasoma mara ya tatu huku machozi yakimlenga, kwa kuwa alijua kusoma na aliona kwamba baba yake hamwamini. Wakarudi nyumbani kwa baiskeli bila kusemezana. Kwa miaka mingi alilibeba jambo lile hivyo: siku ambayo baba alimtilia shaka mbele za watu.

Katika ukurasa wa tatu mwandiko unabadilika, kana kwamba kalamu iliwekwa chini na kushikwa tena siku nyingine. Anauliza kwa nini baba alitaka sauti kubwa zaidi, ikiwa shaka yake ilikuwa juu ya usomaji. Mtu anayetilia shaka hulisogelea karatasi. Baba alisogea nyuma. Anakumbuka kwamba wakulima waliokuwa karibu walinyamaza. Kumbe baba hakuwa akisomewa. Alitaka wenzake wasikie hesabu ile, kwa kinywa cha mtoto ambaye hakuna aliyeweza kumshuku kuwa ana fitina, na bila yeye mwenyewe kulalamika. Aya inayofuata ina sentensi mbili tu zenye -ngali-, na insha inaishia njiani, wakiwa bado juu ya baiskeli.

Ugunduzi ule, kwa kadiri maandishi yanavyoonyesha, haukuwepo kabla ya kuandika. Ulitokea katika ukurasa wa tatu. Hilo ndilo jambo ambalo nadharia zote za uandishi wa kitafakuri zinaliahidi na ambalo mazoezi machache hulitimiza, na mwalimu yeyote angefurahi. Mhadhiri alifurahi mno. Katika kipindi kilichofuata aliisoma insha ile darasani kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kulitaja jina la mwandishi, na bila kumwomba ruhusa.

Jina halikuhitajika. Darasani walikuwemo watu wawili wa wilaya ile, na mmoja wao aliifahamu familia. Wakati wa mapumziko mtu alimwita msichana "mtoto wa deni", kwa mzaha, na wengine wakacheka. Jioni alikwenda ofisini kwa mhadhiri, akabisha hodi, akaamkia, na akaomba kwa adabu arudishiwe karatasi yake. Hakulalamika. Tangu siku ile hadi mwisho wa muhula insha zake zilikuwa na aya sita, na zilipata alama nzuri.

Katika kosa hili sifa njema na madhara vilikuja pamoja, na kwa sababu hiyo ni vyepesi kulisamehe kuliko inavyopasa. Mwalimu anapomtaka mwanafunzi aandike hoja juu ya ukataji miti, kilicho mezani ni hoja. Anapomtaka aandike habari zake, kilicho mezani ni mtu, pamoja na baba yake, na deni lao, na majirani ambao hawakuulizwa kama wanataka kuingia katika insha. Mwanafunzi hana nguvu ya kukataa. Alama ziko upande mmoja tu wa meza. Tippu Tip alipomwandikia Brode alikuwa mzee tajiri, na alichagua mwenyewe la kusema na la kunyamazia. Wapagazi waliobeba frasila mbili kila mmoja kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo hawakuombwa na mtu waandike, na laiti wangaliombwa, haielekei kwamba wangaliyaandika yote mbele ya mnyapara. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza yu karibu zaidi na mpagazi kuliko na tajiri, na ukimya wake si lazima uwe ujinga.

Fasihi ya Kiswahili inao mfano mwema wa mtu aliyejisema bila kujivua. Shaaban Robert alipotoa Maisha Yangu mwaka 1949 aliandika juu ya kazi, ndoa, msiba na watoto; lakini anapolikaribia jambo lililo zito mno, nathari hukoma na utenzi huingia. Mizani na vina humsitiri. Julius Nyerere naye, kijana aliyetoka Shule ya Tabora, aliandika mwaka 1944 akiwa mwanafunzi Makerere insha ndefu juu ya uhuru wa wanawake, iliyokuja kuchapwa kama kitabu mwaka 2009. Aliyatazama maisha ya wanawake wa jamii aliyozaliwa, jambo ambalo kwa kijana wa Kizanaki wa wakati ule lilikuwa gumu kulisema, lakini alilisema kwa njia ya hoja ya jumla. Hakuna anayeweza kudai kwamba kwa sababu hiyo hakutafakari.

Lugha ya kila siku inafanya vivyo hivyo. Mswahili aliyechoka husema "mtu umefanya kazi tangu asubuhi, halafu unaulizwa ulikuwa wapi". Mtu huyo ni yeye mwenyewe. Nomino "mtu" ikifuatwa na nafsi ya pili ni mojawapo ya miundo ambayo sarufi za shule haziitambui, na ikitokea katika insha hupigiwa msitari mwekundu kwa kukosa upatanisho. Pamoja na hayo ina kazi yake maalumu: msemaji hujiweka nje kidogo, akamkaribisha msikilizaji asimame mahali pale pale, na aibu ikagawanyika. Kudai kwamba tafakuri ni lazima iseme "mimi" ni kuichukua kanuni ya sarufi ya watu wengine na kuifanya kipimo cha unyofu.

Muhula wa pili ulikuwa na zoezi la tafakuri pia. Safari hii mhadhiri alitangaza mapema kwamba hakuna insha itakayosomwa na mtu mwingine isipokuwa mwenyewe ameandika juu ya karatasi kwamba anaridhia, na kwamba mwandishi anaweza kubadili majina na mahali apendavyo. Karatasi ya kusahihishia, hata hivyo, ilikuwa imekwisha kupitishwa na idara, nayo ilitenga alama 20 kati ya 100 kwa matumizi ya nafsi ya kwanza.

Msichana aliwasilisha insha juu ya msichana mmoja wa kijijini aliyefika chuoni mjini na kusomewa barua yake hadharani. Ilikuwa katika nafsi ya tatu tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Mwalimu aliyeisoma barua alielezwa ndani yake kwa upole kuliko alivyostahili: alikuwa mtu aliyependa sana barua nzuri. "Kumbe" lilitokea mara moja, nalo lilimhusu mwalimu, si msichana. Juu ya karatasi hapakuandikwa ridhaa yoyote.

Mhadhiri aliisahihisha vipengele vyote isipokuwa kile kimoja, akaiacha mezani siku mbili. Fomu za mitihani hazipokelewi zikiwa na nafasi tupu. Siku ya tatu aliandika 20 katika kisanduku cha nafsi ya kwanza, akatia sahihi, na kabla ya kikao cha idara kilichofuata akapeleka barua ya kurasa mbili kuomba kisanduku hicho kiondolewe.